Kwa Miguu, Bonde kwa Bonde

Ukitaka kumjua mtu wa Embu au Meru aliyezoea kutembea, mtazame akiteremka. Kupanda hata mgeni atapanda, ilmradi atwete. Kuteremka njia ya udongo mwekundu baada ya mvua ya Aprili ndio ufundi wenyewe: magoti yamelegea kidogo, wayo unakanyaga kimshazari, kisigino kinapapasa mzizi au jiwe kabla ya kukabidhiwa uzito wote, na macho yako hatua tatu mbele. Asiyejua hujikaza, na anayejikaza ndiye anayeanguka.

Mwalimu ni nchi yenyewe. Mito ya Mlima Kenya imeichanachana miteremko ya mashariki, ikaacha migongo mirefu na mabonde yenye kina. Barabara ya lami kutoka Embu hadi Chogoria inavuka Ena, Thuci, Nithi na vijito kadha wa kadha, vyote vikielekea Tana. Ndani ya matatu unaona madaraja tu, na pale Nithi mazungumzo hupungua kwa sababu ya roho za watu zilizopotea hapo katika ajali. Kwa miguu, kila mto unakudai mara mbili: ushuke, kisha upande. Hakuna anayefika ng'ambo bila kushuka kwanza. Mhubiri anaweza kuhubiri unyenyekevu saa nzima. Bonde la Thuci litautia kwenye magoti yako kabla hajamaliza salamu.

Basi mwendo nao huchagua sala. Penye mwinuko hakuna pumzi ya maneno mengi, na sala hujipunguza yenyewe mpaka ikabaki jina moja, labda na neno la kuomba rehema, likienda na pumzi. Juu ya mgongo, njia inapolala kati ya mashamba ya chai na kahawa, ndipo watu huanza kuimba. Wakati wa kuteremka hunyamaza, maana akili yote iko miguuni. Nimewahi kukaa kwenye mikesha yenye vipaza sauti vya kutetemesha mabati nikatoka mkavu. Sijawahi kutoka mkavu katika mwendo wa asubuhi nzima, labda kwa sababu mwili ukichoka huacha kujifanya.

Si jambo geni kwa Wakristo. Katika Zaburi kuna nyimbo 15, kuanzia ya 120 hadi ya 134, ambazo Biblia yetu inaziita nyimbo za kupanda mlima. Eliya, alipolala chini ya mti akitamani kufa, hakupewa hotuba. Alipewa mkate na maji, akalala, akapewa tena, kisha akatembea siku 40 hadi Horebu. Wale wawili wa njia ya Emau walifafanuliwa Maandiko wakiwa wanatembea, wakamtambua Mwalimu wao walipoketi kula. Aliyefika nyumbani jioni na kupakuliwa githeri ya moto anaelewa mpangilio huo bila mafafanuzi.

Injili yenyewe ilienea huku kwa nyayo. Waanglikana walianza Kigari mwaka 1910, Wamethodisti wakaja Kaaga mwaka 1912, na Dkt. Clive Irvine wa misheni ya Kanisa la Scotland akafika Chogoria mwaka 1922. Majina ya wamisionari yamehifadhiwa vizuri. Walioivusha habari mgongo hadi mgongo ni walimu na wainjilisti wenyeji, na wengi wao hawakuandikwa popote.

Wazee wanakumbuka ibada ya Jumapili ilivyoanzia mtoni. Viatu, kwa aliyekuwa navyo, vilibebwa mkononi. Kwenye kijito cha mwisho kabla ya kanisa watu waliinama, wakasugua matope kwa kiganja cha majani, wakatikisa mguu mmoja kisha wa pili, ndipo wakavaa. Kina mama walifunga upya vilemba. Waliosengenyana wiki nzima walijikuta wakisogezeana jiwe la kukanyagia. Kufika mlangoni, kitubio cha kwanza kilikuwa kimeshapita. Hata hivyo, sitaki kupamba umaskini: wengi walitembea kwa kukosa nauli, na mama mjamzito aliyevuka mabonde kutafuta hospitali hakuwa akihiji.

Siku hizi vijana wa makanisa huja na fulana za rangi moja kupanda kilima cha Karue karibu na Runyenjes, na wenye kifua na pesa huchukua njia ya Chogoria: msitu na mianzi, kisha nyasi za juu, magenge yanayolitazama Ziwa Michaelson, na hatimaye Lenana, mita 4,985, kabla jua halijachomoza. Huanza kwa kelele na simu. Kufikia siku ya pili wapagazi wamewafundisha pole pole, na hapo ndipo safari inapoanza kunivutia. Kilele chenyewe nakionea mashaka kidogo. Wazee wa zamani waliomba wakiuelekea mlima, wala hawakuona haja ya kuukanyaga.

Lakini yupo Ephraim M'Ikiara, Mmeru ambaye wapandaji wangali wanamsimulia. Katika miaka ya 1970 aliukabili mwamba wa vilele vya juu peke yake, miguu mitupu, na kamba duni, akiwa katika safari ya sala. Wenye buti na vyuma walishangaa alivyopita. Simshauri mtu amwige. Baridi na ugonjwa wa mlima havibagui mcha Mungu. Ila aliijua miguu yake kama fundi anavyojua randa yake.

Na ng'ambo ya mlima, Nyeri, kuna Sista Irene Stefani wa Shirika la Consolata, ambaye watu walimwita Nyaatha. Alizunguka vijiji vya Gikondi na viatu vyake vizito mpaka alipofariki Oktoba 1930, baada ya kumuuguza mgonjwa wa tauni. Alitangazwa mwenyeheri mwaka 2015. Huyu ananigusa kuliko wote, kwa kuwa mwendo wake uliishia kwenye mlango wa mtu, ingawa mlangoni hapo hapakuwa na mandhari yoyote ya kupiga picha.

Leo padri, mchungaji au mzee wa kanisa anayempelekea mgonjwa meza ya Bwana hupanda bodaboda, na afanye hivyo, kwani mgonjwa anasubiri. Wakati wa kurudi, amlipe kijana wa boda amwache aende zake, ashike kijia cha mtoni.