Tabia na Ugonjwa: Kukagua Landrova Kuukuu Pwani ya Mtwara

Aliyenifundisha kukagua Landrova alikuja na mkeka. Tulikuwa Mikindani, msimu wa korosho, na mimi nilikuwa na pesa zinaniwasha mfukoni. Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe: Landrova 109 ya kijani, ya dizeli, rangi bado inanuka. Nikaanza kulizunguka, kupapasa boneti, kufungua na kufunga milango. Mzee hata hakulitupia jicho. Alitandika mkeka, akalala chali, akajisogeza uvunguni na nyundo yake ndogo. Nikasikia nge, nge, nge, halafu pu. Akagonga tena palepale. Pu. Alipotoka kiganja kilikuwa kimejaa magamba ya kutu.

"Mwanangu, twende zetu tukanywe chai," akasema.

Ile ndiyo ilikuwa hukumu, nami sikuielewa. Muuzaji alishusha bei kidogo, nikalipa. Miezi minane baadaye nilinasa mchangani njia ya Msimbati, tukafunga kamba kwenye ndoano ya nyuma ili trekta ituvute. Kamba haikukatika. Kilichokatika ni gari. Boriti ya nyuma ya chesisi ilifuatana na trekta, bampa na kibao cha namba juu yake, mimi nikabaki na usukani mkononi.

Tangu hapo nimelala uvunguni mwa nyingi, zangu na za watu, na jambo nililojifunza ni moja: Landrova kuukuu ina tabia, na ina ugonjwa. Tabia ndiyo inayomfanya mwenyewe aipende mpaka watu wamcheke. Ugonjwa ndio unaomfilisi. Anayejua kukagua ni yule anayeweza kuvitenga hivi viwili.

Anza na bodi, kwa sababu ndiyo inayodanganya. Landrova ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, wakati Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma baada ya vita. Waundaji wakaamua bodi iwe ya aloi ya alumini. Chesisi, na ule ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva, vikabaki vya chuma. Uamuzi wa dhiki ukawa neema kwetu tunaoishi na hewa ya chumvi. Bodi ya Land Cruiser ni ya chuma: ikianza kuliwa, unaona matundu juu ya magurudumu, na mnunuzi anajua anaumwa na nini. Bodi ya Landrova haioti kutu. Uso unabaki wa kijana huku mifupa imekwisha.

Hata hivyo alumini nayo ina adui wake. Pale inapogusana na chuma, chumvi huila alumini kwanza na kuiacha unga mweupe, kama unga wa muhogo. Tazama kingo za chini za milango na kandokando ya ribiti. Rangi ikiwa imevimba vipele vipele, bonyeza kwa kidole. Ukisikia inabonyea kama ganda la yai, huo ni ugonjwa. Kisha toa sumaku mfukoni uipitishe kwenye mabawa ya mbele na ubavu wa nyuma. Haipaswi kunata. Ikinata, kuna mtu alitia kiraka cha bati la chuma akapaka rangi juu, na kiraka hicho sasa hivi kinaila alumini iliyokizunguka. Sumaku haigundui puti, kwa hiyo gonga kwa kifundo cha kidole pia: bodi huitika, puti hunyamaza.

Bawa lililobonyea si hoja. Ningekuwa na uwezo ningeongeza bei kwa kila bonyeo ambalo halikufichwa.

Sasa mkeka. Chesisi ni boriti mbili ndefu zenye uwazi ndani, na humo ndimo mchanga wa pwani na tope la mikokoni huingia na kukaa. Chumvi hufanya kazi kutokea ndani kwenda nje. Ukiona kutu kwa nje, ujue ndani sherehe imekwisha zamani. Gonga boriti ya nyuma kutoka upande mmoja hadi wa pili. Gonga mikono midogo inayobeba bodi. Gonga pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima kinalia, kibovu kinaguna. Halafu panda juu, inua mikeka ya mpira, tazama anapoweka miguu dereva, na pembe za chini ya kioo cha mbele, karibu na vile vifuniko viwili vya kuingiza hewa. Hapo ukuta wa chuma huanza kuoza, na kuurekebisha ni kulibomoa gari nusu nzima.

Uvunguni utakuta ama weusi wa zamani ama weusi wa juzi. Oili chafu iliyopakwa mwaka hadi mwaka, ikashika vumbi mpaka ikawa ganda, ni dalili ya mwenyewe anayejali. Hainipendezi kuishika, lakini inanifurahisha kuiona. Rangi nyeusi mpya inayong'aa, iliyodondokea hata kwenye bomba la eksozi, ni barakoa. Leta msumari, kwangua.

Hapa pia ndipo unaposoma mkono wa fundi, na mimi husema unanunua fundi kabla hujanunua gari. Kiraka kizuri cha chesisi kinaonekana. Kutu imekatwa mpaka kwenye chuma hai, bati lina unene unaolingana na la awali, pembe zimezungushwa, mshono umepita bila kukatika. Kiraka kibaya kimebandikwa juu ya kutu kwa nukta nne za moto, kama bahasha. Tazama na vichwa vya bolti. Bolti nyingi za 109 ni za inchi, na kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7. Fundi mvivu huchukua spana ya 13, ikazunguka kidogo, kichwa kikaliwa, kesho anakipiga patasi. Ukikuta vichwa vimekuwa duara, hata kama injini inanguruma vizuri, jua gari lilipita mikononi mwa watu wa haraka.

Nyuma ya magurudumu ya mbele kuna matufe mawili ya chuma yanayong'aa, yanayoruhusu gurudumu kugeuka. Pitisha ukucha. Yakiwa laini, na yana unyevu mwembamba wa oili, ni tabia, acha yanyevuke. Yakiwa na vishimo vya chumvi, kila sili utakayoweka italiwa ndani ya wiki chache.

Kuhusu oili, mnunuzi mgeni hushtuka akiona tone chini ya giaboksi. Lakini tone lisikutishe kabla hujajua rangi yake. Mwombe muuzaji afungue nati ya difu mbele na nyuma, uchovye kidole. Nyeusi au kahawia, endelea. Ikiwa nyeupe kama tui, gari limekunywa maji. Huku kwetu hilo si ajabu: difu iliyopata moto safarini, gari likishushwa kwenye maji ya Ruvuma kule Kilambo kufuata pantoni, hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia tundu lake la kupumulia. Mwenye gari mwema humwaga oili ile jioni ileile. Asiyejali huacha, na meno ya difu yakaanza kusagika polepole.

Tukifika kwenye tabia, ndipo wenye Landrova huanza kuongea kwa mikono. Kwenye Landrova ya Series III kuna vijiti viwili karibu na gia, kimoja kirungu cha njano, kingine chekundu. Ukibonyeza cha njano unaingiza magurudumu manne. Kukitoa huwezi kukivuta tu. Unasimama, unarudisha chekundu nyuma kwenye gia nzito, unakisukuma mbele tena, ndipo cha njano kinaruka chenyewe, tak! Asiyejua atasema gari bovu. Dizeli ya zamani huzimwa kwa kuvuta kamba, si kwa ufunguo. Usukani una ulegevu kidogo katikati, na dereva wake hauhisi tena. Mlango wa kushoto unafungwa kwa kuunyanyua. Haya yote ni tabia. Lakini breki za kupampu mara tatu ndipo zishike si tabia, hata kama muuzaji atakuapia kwamba amezizoea. Na moshi wa bluu usiokoma baada ya injini kupata moto ni oili inayoungua.

Jaribio la kweli ni barabara ya Msimbati. Baada ya Madimba, penye mitambo ya gesi, mchanga unazidi kuwa wa unga kadiri unavyokaribia bahari. Punguza upepo wa tairi, ingiza magurudumu manne, sikiliza. Zile tairi nyembamba ndefu za 7.50-16 zinazama kabla ya kushika, na hapo klachi dhaifu huanza kunuka. Ukishuka ufukweni, subiri maji yatoke, upite kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, na usipande juu karibu na majani: ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kasa hutaga huko juu. Siku za bamvua maji hurudi kwa kasi. Ukirudi nyumbani, osha uvungu kwa maji baridi kabla hujala.

Utakutana pia na Landrova yenye injini ya Kijapani. Wapenzi wengine huiona kama najisi. Mimi siioni hivyo, mradi mikono ya kushikia injini imechomelewa kwa mtindo niliousema juu, rejeta inatosha, na namba ya injini inalingana na kadi. Isipolingana, ni kesi, ondoka.

Na msikilize muuzaji. Anayesema gari halina shida hata moja, mwache. Ninayemwamini ni yule anayenieleza kwa nusu saa kwamba asubuhi za kusi linataka hita mara mbili, kwamba taa ya kulia huzima kwenye matuta mpaka uipige kofi. Huyo amelijua gari lake, na akikuuzia atakupigia simu kuuliza hali yake.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, na umwambie asiiwashe kabla hujafika. Chukua sumaku, nyundo ndogo, msumari na tochi. Mkeka uje nao mwenyewe. Wa kwao huwa wameutandika mahali wanapotaka ulale.