Nani Anamtafsiria Chatu? "Peponi" Ikisomwa Tunduma

Kuna neno moja katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, "Peponi", ambalo halisomeki sawa kila mahali. Neno lenyewe ni washenzi. Gurnah alipoitoa riwaya hii kwa Kiingereza mwaka 1994, neno hilo aliliacha kwa Kiswahili, likakaa katikati ya sentensi za Kiingereza. Msomaji wa London akilikuta anaweza kulipita kama pambo la nchi za mbali. Msomaji wa pwani analijua vizuri, pengine analisoma kwa aibu kidogo. Lakini msomaji aliyeko Tunduma, Vwawa au Ileje ana swali lake: hivi hapa tunasemwa sisi?

Ndiyo, tunasemwa sisi. Msafara wa tajiri Aziz haupiti Unyiha wala Unyamwanga. Unaelekea magharibi, unavuka ziwa, unaishia kwa mtawala aitwaye Chatu. Ila neno washenzi halikuwa na ramani. Kila aliyekuwa bara, asiyevaa kanzu, asiyesali kama wao, lilimtosha. Na sasa kwamba riwaya imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel, dharau hiyo haina tena pa kujificha. Inasomwa kwa lugha iliyoizaa, na wajukuu wa waliotukanwa.

Kwa sababu hiyo nadhani kitabu hiki kinafaa sana darasani chuo kikuu, hasa siku hizi ambapo kila chuo kinapenda kusema kinathamini usawa wa watu wa rangi zote na makabila yote. Usawa huo tunaupimaje? Wengi wanaupima kwa siku ya utamaduni. Kuna vibanda vya vyakula, vitenge, ngoma za kusini na za kaskazini, picha nyingi za kupandisha mtandaoni. Sina ugomvi na siku hiyo. Watu wanafurahi, na anayecheza ngoma ya kwao mbele ya wageni anajisikia mtu. Swali langu ni la kesho yake asubuhi, viti vikishaondolewa na watu wakirudi darasani: yule aliyeshangiliwa akicheza, je, kuna kitabu kwenye orodha ya kozi ambamo watu wa kwao wanafikiri, wanabishana, wanakosea na kujitetea? Au kazi yao ni kucheza tu?

Tuanze na historia, maana tumetoka mbali. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila kundi na fungu lake. Utengano huo ulifutwa kisheria kuanzia 1962. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanza miezi michache tu kabla, Oktoba 1961, na kitivo kimoja cha sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha wasomi wetu kilijua maana ya mlango uliofungwa kwa sababu ya rangi. Kuufungua ilikuwa kazi ya kwanza.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu zaidi, na waliotaja jina lake waziwazi walikuwa Nairobi. Tarehe 24 Oktoba 1968, James Ngugi (ambaye baadaye alijiita Ngũgĩ wa Thiong'o), Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo chao ifutwe. Hoja yao haikuwa kwamba Shakespeare ni mbaya. Walihoji kwa nini mwanafunzi wa Kiafrika aanze safari ya fasihi Uingereza, halafu kwao afike akiwa mgeni. Walitaka Afrika iwe katikati, na fasihi simulizi isomwe kama fasihi kamili, kisha dunia nyingine ionekane kutoka hapo. Waraka ule ulibadili mtaala wa Nairobi na kuwasha mjadala mbali zaidi ya Kenya.

Lakini waraka ule ulikuwa na adui mmoja aliyeonekana vizuri, naye ni Ulaya. "Peponi" inatuletea adui wa aina nyingine, na ndiyo maana naiona kama hatua ya tatu. Humu Wajerumani wapo, lakini kwa sehemu kubwa ya kitabu ni tetesi zinazokaribia. Dharau tunayoiona kwa karibu ni ya kwetu. Yusuf, kijana wa miaka kumi na kitu, amewekwa rehani na baba yake ili kulipa deni, na anaishi kama mali ya tajiri. Khalil naye ni hivyohivyo. Hata hivyo wenyewe, watu waliofungwa na madeni ya wazazi wao, wana watu wa kuwaona chini yao. Mzungu hahitajiki kuwafundisha. Naye Kalasinga, fundi wa Kisingasinga, anataniwa kwa dini yake na kwa asili yake, anarudisha utani, anaota kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Kurasa hizo zinachekesha, na ndani ya kicheko kuna ngazi: nani anaruhusiwa kumtania nani, na nani akitania anaonekana kavuka mpaka.

Sehemu iliyonishika zaidi ni mji wa Chatu. Msafara unafika umechoka, umepoteza watu njiani. Chatu anawanyang'anya mali. Ukisoma haraka utasema huyu ndiye yule mshenzi tuliyeahidiwa tangu mwanzo. Ila Chatu ana hoja: alikuja mfanyabiashara kabla yao, mtu wa aina yao, akachukua mali yake na hakurudi kulipa. Kwake yeye, anadai deni. Sasa kumbuka kwamba kitabu kizima kimejengwa juu ya deni. Tajiri Aziz akimchukua Yusuf kwa deni la baba yake, hiyo ni biashara. Chatu akichukua bidhaa za Aziz kwa deni la mfanyabiashara mwingine, huo ni ushenzi. Gurnah hatuhubirii chochote hapo. Anaziweka hesabu mbili sambamba, anatuachia tujumlishe wenyewe.

Hata hivyo Chatu hatumsikii moja kwa moja. Maneno yake yanapita kwa Nyundo, mtu wa msafara anayejua lugha ya kule, na wasafiri hawana njia ya kujua kama anatafsiri sawasawa. Yusuf hajui, na sisi tunaomfuata Yusuf hatujui. Hapa ndipo nina neno na riwaya hii. Ni riwaya kubwa, na kwa uaminifu wake inakiri mipaka ya macho yake: ni bara linaloonekana kutoka kwenye msafara. Lakini mpaka ukikiriwa bado ni mpaka. Mwalimu akiifundisha "Peponi" peke yake, mwanafunzi anayetoka Momba ataondoka akiwa ameelewa jinsi babu zake walivyodharauliwa, bila kuwasikia hata mara moja wakisema.

Na sauti zao zipo. Mmisionari wa Kimoravian, Elise Kootz-Kretschmer, aliyefanya kazi Utengule, Mbeya ya leo, aliandika masimulizi ya maisha ya watu wa ukanda huu ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mmoja wao ni Narwimba, mwanamke aliyeishi zama za misafara na utekaji, aliyefiwa na mume akatafuta hifadhi ya ndoa nyingine ili yeye na watoto wake wasije wakauzwa. Mwanahistoria Marcia Wright aliyachambua masimulizi haya katika kitabu cha Kiingereza kilichotoka 1993. Ukimsoma Narwimba baada ya "Peponi", msafara unageuka. Ulikuwa umekaa ndani yake ukiangalia nje; sasa uko kijijini, na vumbi la msafara linakuja.

Narwimba naye hakuandika kwa mkono wake, kweli. Alisikilizwa na mmisionari mwenye imani yake na makusudi yake. Kwa hiyo swali la Nyundo linarudi: nani alitafsiri, na aliacha nini? Ila hilo ndilo swali ambalo darasa zuri la fasihi linapaswa kulibeba. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare, akaiita "Mabepari wa Venisi", ikatoka 1969. Kama Shylock, Myahudi wa Venisi anayedharauliwa na wateja wake mwenyewe, aliweza kuongea Kiswahili fasaha, sioni kwa nini Narwimba wa huku kwetu asisomwe vyuoni kwa Kiswahili kama matini ya kozi, na si tanbihi ya historia.

Kuna watakaosema: haya ya makabila tuliyamaliza, Kiswahili kilitufanya wamoja. Nakubaliana nao zaidi ya nusu. Mtoto wa Ileje na mtoto wa Pemba kukaa bweni moja wakaelewana tangu siku ya kwanza ni ushindi ambao nchi nyingi hazina. Lakini umoja huo haujafika kila pembe. Mwanafunzi aitwaye Sichone, Simbeye au Silwimba akifika chuo mbali na kwao, ni kawaida kuulizwa, kwa utani au bila utani: "Wewe si Mzambia?" Jina linaanza na Si, basi uraia unaingia mashakani. Anayeuliza pengine hana nia mbaya. Hajui tu kwamba Wanyamwanga walikuwepo pande zote mbili kabla Uingereza na Ujerumani hazijagawana eneo hili kwa makubaliano ya 1890. Mpaka kati ya Tunduma na Nakonde ulipita katikati ya koo. Koo hazikuupitia mpaka. Mtu angeyajua wapi haya, kama siyo chuoni? Ngoma ya Kinyamwanga jukwaani haitamweleza.

Na ndipo naona fasihi ina kazi ambayo siku ya utamaduni haiwezi kuifanya. Jukwaa linamwonyesha mwenzako akiwa katika ubora wake, amevaa, anatabasamu. Kitabu kinakuingiza katika hesabu zake: deni lake, hofu yake, ubaya wake pia. Huwezi kumheshimu mtu kikamilifu kama hujawahi kuruhusiwa kumwona akikosea bila kabila lake lote kuhukumiwa. Chatu anakosea. Aziz anakosea. Wapewe wote haki hiyo.

Ningekuwa na muhula mmoja na darasa moja, Mbeya, Dodoma au Dar, ningepanga hivi. Wiki ya kwanza, waraka wa Nairobi. Kisha "Peponi" yote, polepole, na sura za Chatu zisomwe kwa sauti. Kisha Narwimba. Na mtihani wa mwisho usiwe wa kukariri nadharia. Kila mwanafunzi, awe Mnyiha, Mpemba, Mhindi wa Mwanza au Msukuma, aende na simu yake akamrekodi mzee mmoja wa kwao kwa lugha anayoipenda mzee, halafu atafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na pembeni aandike kila mahali aliposhindwa, alipoona haya, na alipokata neno ili wenzake wasicheke. Kwa maoni yangu, maelezo hayo ya pembeni ndiyo yapewe alama nyingi zaidi.