Kikundi cha Pipettes: Kutoka Vazi la Jana Hadi Disko

Muziki ni kazi. Kama ilivyo katika kazi nyingine zote chini ya ubepari, wapo wanaotoa jasho na wapo wanaovuna. Katika makala hii tutachunguza kikundi cha wasichana wa Uingereza kiitwacho The Pipettes. Mwaka 2006 kilitoa santuri yake ya kwanza kwa mtindo wa miaka ya 1960. Mwaka 2010 kikatoa ya pili kwa mtindo wa disko. Swali linaloulizwa kwa urahisi ni hili: je, wamepotea njia? Sisi tunaona hiyo ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni hii: nani aliamua njia, na jina lilikuwa mali ya nani?

Tuanze na mtindo wenyewe. Vikundi vya wasichana vya miaka ya 1960, vingi vikiwa vya wasichana Weusi wa Marekani, vilikuzwa kama bidhaa za kiwandani. Berry Gordy, aliyeanzisha kampuni ya Motown mjini Detroit mwaka 1959, alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha magari, na utaratibu wa kiwanda akauhamishia studioni. Phil Spector alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1962 wimbo "He's a Rebel" uliimbwa na Darlene Love, lakini ukauzwa kwa jina la The Crystals, ambao hawakuuimba. The Ronettes walilazimika kumshtaki Spector mwishoni mwa miaka ya 1980 kudai haki zao, na kesi ikaendelea hadi mwaka 2002. Sauti ilikuwa ya mfanyakazi. Jina na faida vikawa vya mwenye mali.

The Pipettes waliundwa mjini Brighton mwaka 2003 kwa wazo la mwanamuziki Bobby Barry. Wasichana watatu, waliovaa gauni za madoadoa, waliimba mbele. Wanaume wa The Cassettes walipiga vyombo nyuma yao. Walijigamba kuwa wanataka kuurudisha muziki kabla ya zama za Beatles. Ni rahisi kuwacheka kwa hilo, maana nguo ya kuazima haisitiri mwili. Lakini santuri yao ya 2006, We Are the Pipettes, ilikuwa na jambo. Msichana wa nyimbo za zamani mara nyingi alikaa akimngoja mwanamume aje. Msichana wa Pipettes anamwita, anamcheka, kisha anamfukuza. Umbo lilikuwa la zamani, maudhui yalikuwa mapya, na mgongano wa hayo mawili ndio ulioupa muziki huo uhai.

Baadaye watu wakabadilika. Julia, mmoja wa waimbaji wa mwanzo, aliondoka mwaka 2005, na Gwenno Saunders, msichana wa Wales, akashika nafasi yake. Mwaka 2008 Rose na Becki nao wakaondoka. Ilipofika mwaka 2010, nyuso za kikundi zilikuwa Gwenno na mdogo wake Ani. Hakubaki hata mwimbaji mmoja wa mwanzo, jina likabaki. Santuri ya pili, Earth vs. The Pipettes, ilitayarishwa na Martin Rushent, yule aliyetayarisha Dare ya kikundi cha Human League mwaka 1981. Sintesaiza zikatawala, na Pipettes wakageuka kikundi cha disko.

Hapa wapo watakaosema kuwa disko ndiyo iliyowaharibu. Sisi hatukubali. Disko ilizaliwa New York mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kumbi za watu waliobaguliwa: Weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wapenzi wa jinsia moja. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, sanduku la santuri za disko lililipuliwa mbele ya umati uliokuwa ukishangilia. Vince Lawrence, kijana Mweusi aliyekuwa mhudumu uwanjani siku hiyo, amesimulia kuwa nyingi ya santuri zilizoletwa hazikuwa za disko hata kidogo. Zilikuwa za muziki wa Weusi tu. Kwa hiyo dharau dhidi ya disko ina historia yake, na mhakiki anayeirudia bila kuichunguza hubeba mzigo wa watu wengine.

Kosa la santuri ya 2010 liko kwingine. Tuni zake ni tamu, sauti ni safi, na furaha yake si ya bandia. Lakini ule ugomvi na mwanamume, uliokuwa roho ya santuri ya kwanza, umefifia, na mahali pake pamewekwa mchezo wa visahani virukavyo na safari za angani. Umbo limesonga mbele. Maudhui yamerudi nyuma. Walibadili vazi bila kuuliza wanataka kusema nini wakishalivaa.

Ushahidi kwamba mashine haikuwa adui ulitolewa na Gwenno mwenyewe. Mwaka 2014 alitoa Y Dydd Olaf, santuri yake karibu yote kwa lugha ya Wales, iliyotokana na riwaya ya Owain Owain ya mwaka 1976 kuhusu maroboti yanayowatawala binadamu. Mwaka 2018 akatoa Le Kov, yote kwa Kikornish, lugha ya baba yake, ambaye ni mshairi wa lugha hiyo, na ambayo wengi walikwisha kuihesabu kuwa imekufa. Sintesaiza zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kwamba sasa aliyezishika alijua anasema na nani, na kwa ajili ya nini. Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa.

Somo ni wazi. Kikundi kinapobadili mtindo, tusikimbilie kupigia kelele ngoma mpya wala kulilia ya zamani. Tuulize nani anamiliki jina, nani anaandika maneno, na maneno hayo yanamtumikia nani. Asiyeuliza hayo atacheza kila mdundo atakaopigiwa, na kila mara atadhani ameuchagua mwenyewe.