Gogo Kabla ya Kinyago

Jijini Dar es Salaam, ukitoka Madale ukateremka Mwenge kwenye soko la vinyago, mlio wa tezo huukosi. Mchongaji ameketi chini, miguu imebana gogo la mpingo, mti unaochukua zaidi ya miaka 70 kukomaa na ambao kipande chake kikitupwa majini huzama. Klarineti za Ulaya nazo hutengenezwa kwa mti huuhuu.

Kazi huanza kwa kuondoa: ganda, kisha sehemu ile nyeupe ya nje, hadi kiini cheusi. Hapo ufa uliojificha hujitokeza, na mchongaji hulazimika kubadili mawazo. Uso aliokusudia huhamia upande mwingine. Baada ya tezo huja patasi na nyundo, halafu tupa, kisha msasa, wa kukwaruza kwanza, laini mwishoni. Mpingo hula makali, kwa hiyo kunoa hakuishi. Katika kinyago cha ujamaa watu wamebebana ndani ya gogo moja. Mkono mmoja ukikatika, gundi haimdanganyi ajuaye.

Mteja huona mng'ao wa kiwi ya viatu tu. Kabla hujaomba upunguziwe bei, omba kwanza ulinyanyue gogo.