Sentimita Tatu

Springi ya kushushia gari ni koili ya chuma iliyo fupi na ngumu kuliko ile iliyotoka kiwandani, na kazi yake ni kulaza bodi karibu na ardhi kwa sentimita mbili, tatu, pengine nne. Mijini hupimwa kwa vidole: kama kati ya tairi na ukingo wa bodi vinapita vidole viwili tu, gari limekaa sawa machoni pa vijana wa Altezza na Impreza. Mafundi wa miguu ya gari hawaanzi na vidole. Huchuchumaa kando ya gurudumu, wakamulika tochi kwa ndani, wakatazama fimbo ya shokapu na kuuliza imebaki nafasi kiasi gani kabla chuma hakijagonga chuma. Ufundi wote wa kuchagua springi umo katika nafasi hiyo, na asiyeihesabu hununua sura akapoteza gari.

Nyambureti ni mahali pazuri pa kuutazama ufundi huu kwa sababu ni mahali pabaya pa gari lililoshushwa. Iko upande wa Ngoreme katika Mkoa wa Mara, kusini mwa Mto Mara, mbali na lami ya Musoma na Sirari. Barabara za changarawe za huko hufanya makunyanzi kiangazi, na masika udongo mweusi wa mbuga huvimba, ukikauka umepasuka na kuacha mifereji ya magurudumu. Gari lenye heshima huko ni Probox, mchomoko wenyewe, na mwenye nalo huliinua badala ya kulishusha. Gari la mbio hufika kwa nadra, Desemba au siku ya msiba, likiendeshwa na kijana aliyetoka Mwanza au Dar es Salaam. Njia nzima ameruka matuta na rasta bila shida kubwa. Kilomita za mwisho ndizo zinazomwambia aliyemuuzia springi alikuwa fundi au mchuuzi.

Kinachotokea chini ya gari hilo kinaweza kuhesabiwa kwenye karatasi. Robert Hooke wa Uingereza alichapisha mwaka 1678 kanuni kwamba springi hubonyea kwa kadiri ya uzito inaobebeshwa: uzito ukiwa maradufu, mbonyeo nao huwa maradufu. Chukua gari ambalo kila kona ya mbele inabeba kilo 300, na springi yake inahitaji kilo 3 kubonyea milimita moja. Likisimama tu, springi imekwisha kubonyea milimita 100. Tuseme zimebaki milimita 80 kabla ya kufikia ile raba ngumu inayokaa juu ya fimbo ya shokapu. Ukilishusha gari milimita 30 zinabaki 50. Wengi husema hapo kwamba imepotea nafasi kidogo, chini ya nusu, lakini uwezo wa springi kumeza shimo haufuati nafasi yenyewe. Unafuata nafasi iliyozidishwa kwa nafasi. Themanini mara themanini ni 6,400. Hamsini mara hamsini ni 2,500. Ili gari limeze shimo lilelile bila kugonga, springi mpya ingepaswa kuwa ngumu mara mbili na nusu ya ile ya zamani, yaani karibu kilo 7.7 kwa milimita, na ugumu huo ni wa gari la uwanja wa mashindano. Abiria angeshuka Nyambureti akishika kiuno.

Springi za dukani za kushushia gari la kawaida haziongezi ugumu kiasi hicho. Nyingi huongeza asilimia 20, 30, wakati mwingine 40. Pengo linalobaki hujazwa na raba, na hapo ndipo watengenezaji wazuri hutofautiana na wabaya. Mzuri huuza springi pamoja na raba laini na ndefu inayoanza kusaidia mapema, polepole, kama mkono unaopokea mtoto. Mbaya huacha raba ya zamani palepale, au humshauri mteja aikate kipande. Ndiyo maana ushauri wa kushusha milimita 15 au 20 kwa gari la barabarani si woga. Kwa mfano huohuo, kushusha milimita 20 kunadai springi ngumu kwa asilimia 78 zaidi, na kushusha milimita 15 kunadai asilimia 51. Raba nzuri inaweza kuziba pengo la namna hiyo. Milimita 30 ni deni ambalo raba peke yake hailipi kwenye changarawe.

Faida inayopatikana ni ndogo kuliko inavyosifiwa. Kitovu cha uzito cha gari dogo kikiwa sentimita 50 juu ya ardhi, kukishusha sentimita tatu hupunguza uzito unaohamia magurudumu ya nje kwenye kona kwa asilimia 6 hivi, na kwa kweli ni pungufu ya hapo kwa kuwa magurudumu na ekseli hazishuki. Sehemu kubwa ya utulivu anaousikia dereva inatokana na ugumu wa springi. Angeweza kuupata, au kiasi chake kikubwa, kwa stabilaiza nene zaidi bila kuligusa gari kimo.

Kabla ya kununua, wapo wanaojaribu njia mbili za bure. Ya kwanza ni kukata. Koili ikipunguzwa pingili moja kati ya sita inazofanya kazi, inakuwa ngumu kwa asilimia 20, na huo ni ukweli wa hesabu unaowadanganya watu wazima. Lakini ncha iliyokatwa haikai tena vizuri katika kikombe chake, na gari likiruka tuta springi hulegea, ikageuka, ikarudi imekaa upande. Ya pili ni kuchoma. Fundi hupuliza moto wa gesi kwenye pingili mbili hadi ziwe nyekundu, gari linashuka lenyewe kwa uzito wake, na mteja anafurahi kuona kazi imekwisha kwa dakika kumi.

Kosa la kuchoma lingetambuliwa haraka na mhunzi yeyote. Magharibi ya Serengeti kazi ya chuma ilikuwa ya Waturi, wahunzi waliofulia majirani zao majembe, mikuki na visu, na hadi leo kotekote Afrika Mashariki chuma cha springi chakavu ndicho kinachopendwa kwa panga na visu. Mhunzi anayefua panga kutoka kwenye springi ya lori huanza kwa kuulainisha kwa moto ule ugumu wa kiwandani, kwa sababu chuma kikiwa na ugumu wake hakifuliki. Kisha huurudisha: hukipasha hadi kiwe chekundu, akakizamisha kwenye mafuta au maji, halafu akakipasha tena taratibu kwa moto mdogo ili kisiwe kikavu kama chupa. Kiwanda cha springi nacho hufuata hatua hizohizo kwa vipimo. Anayechoma springi ndani ya gari anafanya nusu ya kwanza ya kazi ya mhunzi na kuondoka. Pingili zilizochomwa zinabaki laini, zinaendelea kulala wiki baada ya wiki, na mpaka kati ya sehemu laini na sehemu ngumu ndipo chuma hukatikia.

Springi nzuri ikishapatikana, inabaki jiometri, na hapa magari hayafanani. Impreza za kizazi cha kwanza na cha pili hutumia miguu ya MacPherson, yaani shokapu iliyosimama ndani ya springi huku mkono mmoja wa chini ukishika gurudumu kwa boljointi. Gari likiwa katika kimo chake, mkono huo huinama kidogo kuelekea nje. Likishushwa sana mkono unalala sawa, kisha ncha ya nje inapanda juu kuliko ya ndani. Kuanzia hapo mambo mawili huharibika. Tairi la nje, badala ya kuegemea ndani linapobonyezwa kwenye kona, huanza kuegemea nje na kusimama kwa ukingo wake. Na ile nukta ambayo bodi huinamia juu yake hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito kinavyoshuka, hivyo umbali kati ya viwili hivyo huongezeka na bodi hupata nguvu zaidi ya kuinama. Gari limelala chini na linayumba zaidi. Wenye magari hayo hulaumu springi kuwa laini, wakanunua ngumu zaidi. Tiba yake ni boljointi ndefu zinazorudisha pembe ya mkono, au kushusha kidogo. Altezza, yenye mikono miwili kila gurudumu, huvumilia zaidi, lakini nayo tairodi zake zikiachwa katika pembe tofauti na mikono, usukani hujigeuza wenyewe kila gurudumu linapopanda jiwe.

Shokapu haichukui maneno mengi: ikiwa imechoka, springi mpya ni fedha iliyotupwa. Ugumu wa springi ukiongezeka asilimia 30, shokapu inahitaji kuongeza kizuizi chake kwa asilimia 14 hivi, na shokapu nzima ya kiwandani mara nyingi hufika hapo. Ugumu ukiongezeka maradufu haifiki.

Ugumu wa mbele na nyuma pia hauchaguliwi ovyo. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi Rolls-Royce na baadaye General Motors miaka ya 1930, alionyesha kwamba springi za nyuma zikitikisika kwa kasi kidogo kuliko za mbele, gari hutulia haraka baada ya tuta bila kuinua na kuinamisha pua. Sababu ni kwamba nyuma hufika kwenye tuta baadaye, na huhitaji kuwahi. Anayebadilisha springi za mbele peke yake kwa kuwa fedha zimeisha anavunja mpango huo, na juu ya hayo gari lake litakataa kukata kona.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake juu ya magari ya mbio na kimo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1971 yalishindwa na Datsun 240Z ya Edgar Herrmann, kisha 1973 gari la aina hiyohiyo likaendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Hilo lilikuwa gari la mbio la kweli, la viti viwili na pua ndefu, sura ambayo mjini ingelazwa hadi lami. Kwa Safari magari ya namna hiyo yaliinuliwa. Porsche nazo ziliinua 911 zao, zikapata nafasi ya pili zaidi ya mara moja, ya kwanza hapana. Mafundi wa timu hizo walikuwa wakichagua springi kwa swali lilelile la fundi anayechuchumaa na tochi: nafasi.

Sokoni, iwe maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au chini ya mwembe Mugumu, mkoani Mara, namba iliyoandikwa kwenye springi ya Kijapani huwa ni kilo kwa milimita. Ya Kizungu mara nyingi ni niutoni, na kilo moja ni karibu niutoni 9.8. Springi ya mtumba isiyo na namba na rangi yake ikiwa imekwanguka hainunuliwi hata ikiwa ya bure. Nyingine huwa na pingili za karibukaribu upande mmoja, ambazo hufunga mapema na kuiacha sehemu iliyobaki ibebe, hivyo springi inaanza laini ikamalizia ngumu. Na kabla ya malipo gari huinuliwa kwa jeki hadi gurudumu lining'inie. Springi inayocheza kwa mkono wakati huo ni fupi mno kwa shokapu iliyopo.

Zikishafungwa, gari huendeshwa siku kadhaa springi zikae, ndipo hupelekwa alaimenti na taa kurekebishwa. Kipimo cha mwisho ni cha shilingi chache. Kamba ya plastiki ya kufungia waya hukazwa kidogo kwenye fimbo ya shokapu, ikasukumwa chini hadi iguse mwili wa shokapu, na gari likapelekwa safari yake ya kawaida na mizigo yake ya kawaida. Kila gurudumu linapopanda, mwili wa shokapu huisukuma kamba juu, na kamba haishuki. Gari likirudi kutoka Nyambureti na kamba imesimama sentimita moja chini ya raba, springi zinabaki. Ikiwa imejibana juu kabisa, imekatika na imeacha alama yake kwenye raba, springi za kiwandani zilizowekwa stoo hupanguswa vumbi na kurudishwa kwenye gari.