Nani Mwizi wa Wimbo?

Hapa Itaka, wilayani Mbozi, kuna vibanda ambavyo kila mkulima anavijua. Ndani mna meza, kompyuta moja kuukuu na kijana wa kuiendesha. Mkulima anatoa memori kadi katika simu yake, anataja anazozipenda: Bongo Fleva, kwaya, dansi la zamani, na nyimbo za Kizambia zinazovuka mpaka kupitia Tunduma. Baada ya muda mfupi kadi imejaa, mkulima analipa mia chache, anakwenda zake shambani. Jioni nyimbo zile zile zinarushwa kutoka simu moja hadi nyingine bila malipo yoyote. Aliyetunga, aliyeimba na aliyepiga gitaa hawamo kabisa katika hesabu hiyo.

Je, hapa pana wizi? Na kama upo, mwizi ni nani? Wako watakaosema kwamba hilo ni swali la mahakama na polisi. Sisi tunasema ni swali la siasa, maana linahusu nani anafanya kazi na nani anakula matunda ya kazi hiyo. Na katika kulijibu, yamejitokeza mawazo mawili ambayo yote mawili yana kasoro. Hapana budi kada na mwanafunzi wayachambue kabla hawajasimama mbele ya wananchi kutoa mafundisho.

WAZO LA KWANZA: MNAKILI NI MWIZI

Wazo la kwanza linasema kwamba wimbo ni mali kama ng'ombe au baiskeli. Anayeuchukua bila kulipa ni mwizi, na dawa yake ni faini na kifungo. Wenye wazo hili husimama juu ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ambayo inalinda kazi ya mtunzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake.

Wazo hili lina ukweli ndani yake. Utunzi ni kazi. Aliyekesha akitafuta maneno na sauti ametoa jasho kama aliyekesha akichoma tanuri la matofali. Lakini wenye wazo hili hawaendi mbali. Wanadhani kwamba pale ambapo sheria ya mali inaheshimiwa, msanii anapata haki yake. Historia inawakanusha.

Tuchukue mfano wa Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 alirekodi wimbo wake "Mbube" kwa kampuni ya Gallo, naye akapewa shilingi 10. Wimbo ule ukavuka bahari, ukageuzwa, ukaingia katika sinema za Marekani na kuwatajirisha watu wengi. Linda alikufa 1962 akiwa maskini, na ilimpasa familia yake kusubiri hadi 2006 ndipo yalipofikiwa makubaliano ya kuilipa. Hakuna aliyevunja mlango wa Linda usiku. Wimbo ulichukuliwa kwa mkataba na kalamu, chini ya sheria hiyo hiyo ya hakimiliki. Unyonyaji mkubwa kuliko wote ulikuwa halali.

Hapa kwetu mambo hayakuwa tofauti sana. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya kigeni, kwa sababu pwani nzima ya Afrika Mashariki haikuwa na mtambo wa kazi hiyo. Miaka arobaini baadaye tulikwisha kuwa huru, lakini bendi zetu zilizotaka kutoa santuri bado zilitegemea makampuni ya Nairobi. Santuri za marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, zilitolewa na Polygram. Mwimbaji alikuwa mwana wa Morogoro, wasikilizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi wa Tanzania, lakini mtambo ulikuwa wa mwingine. Na mwenye mtambo ndiye aliyepanga bei.

Fundisho ni hili: msanii hanyonywi hasa pale wimbo unaponakiliwa. Hunyonywa pale anapokosa chombo cha kuurekodi na njia ya kuufikisha kwa watu, akalazimika kuuza utunzi wake kwa mwenye chombo na mwenye njia.

KUJIKOSOA

Hatuwezi kuwanyoshea kidole mabepari peke yao bila kujitazama. Katika miaka ya Azimio la Arusha tulifanya jambo jema: bendi zikawa chini ya mashirika na jumuiya za umma. NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, iliyoanzishwa 1964, iliwapa wanamuziki mshahara wa mwezi na vyombo vya kupigia. Vijana Jazz ikafuata mkondo huo. Radio Tanzania Dar es Salaam ikarekodi bendi zetu na kuufanya muziki wa taifa usikike hadi Mbozi.

Lakini wimbo uliporekodiwa ukapigwa redioni mara elfu, mtunzi hakupata mirabaha kwa kila unapopigwa. Hakukuwa na chombo cha kukusanya wala cha kugawa. Tulikuwa na sheria ya hakimiliki tangu 1966, lakini ilibaki katika makabati. Tulisema kwamba muziki ni mali ya umma, tukasahau kwamba mtunzi naye ni sehemu ya umma huo. Wengi waliotuburudisha na kutufundisha siasa kwa nyimbo walizeeka katika dhiki. Chama kinachojenga usawa hakina haki ya kulifumbia macho jambo hili. Mtoto aliyezoea kusikia nyimbo bure redioni kwa miaka ishirini, leo tunamwitaje mwizi kwa kuamini kwamba wimbo ni kitu cha bure? Sisi ndio tuliomfundisha.

WAZO LA PILI: KUNAKILI NI UKOMBOZI

Wazo la pili hupendwa zaidi na vijana wa vyuoni. Linasema kwamba hakimiliki ni chombo cha ubeberu. Kwamba wimbo haupungui unaponakiliwa, kwa hiyo hakuna aliyeibiwa. Kwamba kurushiana mafaili ni ujamaa wa zama za intaneti. Huwataja Wamarekani walioanzisha Napster mwaka 1999, ambako mamilioni ya watu walipeana nyimbo hadi makampuni ya santuri yalipoishitaki na huduma ile ikafungwa mwaka 2001.

Wazo hili nalo lina ukweli wake. Ni kweli kwamba mkulima akimrushia jirani yake wimbo, wote wawili wanabaki nao, jambo ambalo haliwezekani kwa debe la mahindi. Ni kweli pia kwamba sheria za dunia kuhusu mali ya akili ziliandikwa zaidi na nchi tajiri kwa faida ya nchi tajiri. Nchi zilizo nyuma kimaendeleo, Tanzania ikiwemo, zimeongezewa muda hadi 2034 kabla ya kulazimika kutimiza masharti yote ya Shirika la Biashara la Dunia katika jambo hili. Na muda huo si zawadi, ulidaiwa.

Hata hivyo wazo hili linakosea mahali muhimu. Ujamaa haukusema kwamba kazi ya mtu iliwe bure. Ulisema kila mtu afanye kazi na apate matunda ya kazi yake. Kama tunamwambia mwanakwaya wa Itaka kwamba gharama ya studio aliyolipa kwa fedha za kahawa yake ni mchango kwa taifa, wakati mwenye kibanda anapata chake, mwenye kampuni ya simu anapata chake na aliyetengeneza simu anapata chake, basi tunamfanya yeye peke yake awe mjamaa katika soko la mabepari. Huo si ujamaa. Ni kumkamua mnyonge kwa jina la ujamaa.

Tena, Napster ilipokufa, ukombozi ulioahidiwa haukuja. Yalikuja makampuni mapya yenye milango mikubwa zaidi. Leo sehemu kubwa ya muziki wa kurekodiwa duniani iko mikononi mwa makampuni matatu: Universal, Sony na Warner. Njia za kuusikilizia ziko mikononi mwa wachache vile vile. Boomplay, inayojulikana sana kwetu, ilianzishwa ndani ya kampuni ya Transsion ya China, hiyo hiyo inayotengeneza simu za Tecno na Itel tunazonunua Tunduma na Mlowo. Mwenye chombo cha kusikilizia na mwenye duka la nyimbo wamekuwa nyumba moja. Kijana anayedhani kwamba amemshinda bepari kwa kunakili wimbo, amekwisha kumlipa bepari huyo huyo kwa kununua simu, na anamlipa tena kila anaponunua bando. Aliyekosa ni msanii tu.

KAHAWA NA WIMBO

Mkulima wa Mbozi halihitaji darasa refu kulielewa jambo hili. Anaijua kahawa. Anapanda, anapalilia, anachuma, anakoboa, anaanika. Bei hapangi yeye. Kahawa hiyo ikikaangwa na kutiwa katika pakiti nzuri Ulaya, kikombe kimoja mjini London kinamshinda bei yeye aliyekizalisha. Wimbo nao umekuwa zao la namna hiyo: unalimwa hapa, unakobolewa hapa, unauzwa na mwingine.

Na kama ilivyokuwa kwa kahawa, dawa haikuwa kumfunga anayeokota punje chache chini ya mbuni wa jirani. Dawa ilikuwa wakulima kujiunga katika ushirika, wapime wenyewe, wauze pamoja, wadai hesabu. Ushirika wetu umeugua mara nyingi, viongozi wengine wameula, lakini hakuna mkulima mwenye akili anayesema turudi kwa mchuuzi wa kangomba anayenunua mbuni zikingali na maua.

SHERIA YETU ITAZAMWE KWA JICHO HILI

Sheria ya 1999 si mbaya yote. Inamtambua mtunzi pamoja na mwimbaji na mpigaji. Inazilinda ngoma na hadithi za jadi dhidi ya wafanyabiashara. Tena inaruhusu mtu kunakili kazi iliyotolewa kihalali kwa matumizi yake binafsi. Kwa hiyo haimtazami mkulima mwenye memori kadi kama inavyomtazama anayenakili kwa biashara, kada asiwachanganye.

Kasoro imekuwa katika utekelezaji. Kwa miaka mingi nguvu ziliwekwa katika kubandika: hakigram, kisha stempu za kodi juu ya kanda na sidii kuanzia 2013, wakati ambapo sidii yenyewe ilikuwa inakufa na muziki ulikwisha kuhamia katika simu. Tulilinda ganda, yai likachukuliwa. Wakati huo huo wenye redio na makampuni ya simu walitumia nyimbo kwa faida kubwa. Iliwabidi wasanii wawili, Ambwene Yessaya na Hamis Mwinjuma, waende mahakamani kwa sababu ya nyimbo zao kutumiwa kama miito ya simu bila idhini, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamua walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2, shauri likaendelea katika rufaa. Wasanii wale walikuwa na majina makubwa na uwezo wa kuweka wakili. Mwanakwaya wa Itaka ana wakili gani?

Mwaka 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Ni hatua, nasi tunaipongeza. Lakini gawanya mwenyewe: haifiki wastani wa laki tatu kwa mtu. Mwaka huo huo chombo hicho kiligeuzwa kuwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na njia ikafunguliwa kwa wenye haki kuunda vyama vyao vya kukusanya na kugawa mirabaha. Mwaka 2023 ikawekwa tozo ya asilimia 1.5 katika baadhi ya vifaa vya kurekodia na kunakilia. Msingi wa tozo hiyo ni sahihi: badala ya polisi kumfukuza mkulima barabarani, fedha ichukuliwe pale kifaa kinapoingia nchini. Swali linalobaki ni moja: inamfikia nani?

KAZI YA KADA

Kwanza, tuache kuwahubiria wananchi kwamba wao ni wezi. Tuwaeleze njia inayopitwa na fedha ya wimbo, hatua kwa hatua, waone wenyewe inakoishia.

Pili, wanakwaya, wapiga ngoma na vijana wa Bongo Fleva wa kata zetu wasajili kazi zao na wajiunge pamoja. Msanii mmoja mbele ya kampuni ya simu ni mkulima mmoja mbele ya mchuuzi.

Tatu, vyama vipya vya mirabaha viendeshwe kama ushirika, hesabu zisomwe hadharani. Vikigeuka ofisi za mjini za kulipana posho, tutakuwa tumembadilisha kupe, si kumtoa.

Nne, kijana wa kibanda asigeuzwe mhalifu kwa haraka. Yeye ndiye aliyejenga, bila msaada wa serikali, njia inayoufikisha muziki hadi kijiji kisicho na intaneti ya uhakika. Apewe leseni nafuu, alipe kidogo kwa kila kadi anayojaza, na fedha hiyo imrudie mtunzi. Leo ni mshindani wa msanii. Kesho anaweza kuwa wakala wake.

Mwizi wa wimbo basi ni nani? Ni yule anayekula jasho la mtunzi bila yeye mwenyewe kutoa jasho, awe na sheria mkononi au asiwe nayo. Ukimtafuta kwa kipimo hicho, utaanza na kibanda cha Itaka, lakini hutaishia hapo. Na kada anayeishia hapo, kwa kuwa hapo ndipo pepesi kukamata, ajiulize yuko upande wa nani.