Ncha Nyembamba Isiyokwaruza

Fundi anayetengeneza kalamu za wino kwa mkono anaweza kukufanyia karibu kila kitu. Atachagua mti, uwe mpingo au mukula mwekundu wa misitu ya Luapula na Katanga. Ataukereza mpaka utulie kiganjani, atakata hesi za kifuniko, atausugua kwa msasa kisha kwa nta. Akifika kwenye nibu, yaani ncha ya kuandikia, anasimama. Kwa miaka mingi mafundi wengi wa kalamu hizi wamekuwa wakiagiza nibu Ujerumani, kwa Bock wa Heidelberg au JoWo wa Berlin, kisha wanazikaza kwenye miti waliyoikereza wenyewe. Ndiyo maana mteja huulizwa mapema anataka nibu ya namna gani. Akijibu kwamba anataka nyembamba na laini, ameomba vitu viwili vinavyogombana.

Wembamba una sababu yake, nayo iko kwenye karatasi. Kenani, katika wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, ni kituo kilichoanza kuwapokea wakimbizi wa Congo mwaka 2017, na wengi wao walivuka kutoka upande wa Pweto na Moba, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na shuleni. Mtu wa huko akitaka kuandika barua au kuweka hesabu ya samaki, anachonunua dukani ni daftari la mazoezi. Karatasi yake hunywa wino. Nibu nene ikipita juu yake, mstari hutanuka, herufi «e» huziba tundu lake, na wino hutokea upande wa pili wa ukurasa. Nibu nyembamba huacha wino kidogo, ukakauka kabla haujatambaa. Kwa hiyo anayeandika kwenye daftari la bei rahisi anaihitaji zaidi kuliko tajiri mwenye karatasi nzito.

Karatasi mbaya inaweza kumshinda hata mwandishi hodari. David Livingstone aliliona Mweru, ziwa la Nchelenge, mwezi Novemba 1867. Miaka minne baadaye, akiwa Nyangwe, Congo, na ameishiwa karatasi na wino, aliandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino alioukamua kutoka mbegu za mmea. Maandishi yale yalififia juu ya chapa ya gazeti, na sehemu kubwa haikusomeka vizuri mpaka wataalamu walipoipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kutoa matokeo yao mwaka 2011.

Ugomvi wa wembamba na ulaini ni wa zamani kuliko nibu ya chuma. Mmea uliowafundisha watu kuusuluhisha umejaa kwenye kingo za Mweru: matete yale yale ya kujengea ua na kufumia mikeka. Waandishi wa khati za Kiarabu, na wa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo, walichonga kalamu zao kwa tete au mwanzi. Kwanza linatafutwa lililokauka vizuri, lenye ukuta mgumu na mnyofu. Linakatwa mshazari kwa kisu kikali, nyama laini ya ndani inakwanguliwa, na mbavu za pande mbili zinapunguzwa mpaka ibaki ncha ya upana unaotakiwa. Halafu unapasuliwa ufa mmoja katikati, wa kupitishia wino. Mwisho ncha inalazwa juu ya kibao kigumu, mara nyingi cha mfupa, na kukatwa kwa pigo moja. Pigo likisita, ncha inabaki na nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zitakazokwaruza karatasi.

Mwandishi mmoja wa khati hizo, Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyeishi takriban kati ya 1855 na 1945, alikuwa mtunzi, mnakili wa tenzi na mchonga mbao. Miswada aliyoinakili imehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS, na wataalamu kama Alice Werner na Ernst Dammann walitegemea kazi yake. Si ajabu kwamba mtu mmoja alikuwa na ufundi huo wote. Anayejua kuzisoma nyuzi za mti kabla ya kuupiga patasi ana nusu ya elimu ya kuchonga kalamu.

Nibu ya chuma inafuata hatua zile zile, ila mkono umebadilishwa na mashine, halafu mkono umerudi tena mwishoni. Bamba jembamba la chuma cha pua au dhahabu hukatwa na kukunjwa. Dhahabu ni laini mno kusuguana na karatasi kila siku, kwa hiyo nchani huyeyushiwa kitone cha metali ngumu, za jamii ya iridiumu, osmiamu na rutheniamu. Gurudumu jembamba sana la kukatia hupasua kitone hicho na bamba lake, kutoka nchani hadi kwenye tundu dogo, na nibu inapata meno mawili. Ufa unatakiwa uzidi kubana kadiri unavyokaribia ncha, kwa sababu wino huvutwa na nafasi finyu kuliko iliyo pana. Chini ya nibu kuna ulimi mweusi wenye mfereji na mapezi. Mapezi hayo hushika wino unaozidi, usije ukadondoka ukurasani hewa ya ndani ya kalamu inapopata joto.

Kinachobaki ni kukinoa kitone, na hapo ndipo wembamba unapodai gharama yake. Kitone kinene hupita juu ya nyuzi za karatasi kama mtumbwi mpana juu ya wimbi dogo. Kitone chembamba huuweka uzito wote wa mkono juu ya nyuzi chache, kwa hiyo kosa dogo la mnoaji husikika vidoleni. Wajapani wamelifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu, kwani maandishi yao yana herufi za mistari mingi ndani ya nafasi ndogo. Nibu nyembamba za Sailor, iliyoanzishwa 1911, na za Pilot, iliyoanzishwa 1918, kwa kawaida huandika mstari mwembamba kuliko za Ulaya zenye jina hilohilo. Anayeagiza asisome jina tu. Aulize mstari una upana gani.

Nibu ikikwaruza, wengi hudhani haijasuguliwa vya kutosha, wakaukimbilia msasa. Mara nyingi kosa liko kwenye meno. Moja limesimama juu ya lenzake kwa kiasi ambacho jicho tupu halioni, lakini kioo cha kukuza mara kumi kinakionyesha wazi. Dalili yake ni kwamba kalamu hulalamika ikielekea upande mmoja na kunyamaza ikielekea mwingine. Dawa ni kulisukuma jino kwa ukucha, taratibu, na kutazama tena. Msasa ukitangulia, kingo za ndani za ufa hulika, wino haufiki tena kwenye karatasi, na kalamu huruka mwanzo wa kila neno. Nibu ya namna hiyo huteleza kama kioo lakini haiandiki.

Kwa hiyo jaribio la dukani ni rahisi. Njoo na daftari lako mwenyewe, kwa kuwa karatasi nzuri ya muuzaji huficha makosa. Shika kalamu bila kuikandamiza, chora namba nane nyingi zilizofuatana, kisha mistari ya kwenda na kurudi pande zote nne. Sikiliza upande unaolalamika. Inua kalamu, subiri kidogo, andika neno, uone kama herufi ya kwanza imetoka nzima. Nibu nzuri nyembamba haiui hisia ya karatasi. Unaisikia karatasi ikipita chini yake, sauti moja kwa pande zote.

Ikifaulu hapo, ichukue hata kama ni ya chuma na jirani yake ni ya dhahabu, kwa sababu karatasi hukutana na kitone tu. Mpingo au mukula unaweza kuuchagua baadaye, kwa macho.